Mzee Aliyeipa Filamu Mgongo

Mdomo wangu mimi, mama yangu aliuombea tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa," nami namjibu, "Basi kichwa kizoee." Anacheka, ananipiga kofi la mgongoni, tunaendelea kukaanga maandazi. Sikujua kwamba siku moja mdomo huohuo ungekaa mbele ya baba mkwe wangu mtarajiwa na kumshauri, kwa mifano na kwa moyo mweupe, asikubali hata kidogo mwanawe anioe mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikikimbilia hapo mtasema natia chumvi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nauza chai mlangoni mwa banda la video hapa Tunduma, kando ya barabara kuu, pale ambapo malori yanajipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Foleni ikigoma, inagoma kwelikweli. Dereva aliyekwama hana mengi ya kufanya: atalala, atalalamika, atakunywa chai, halafu ataingia bandani kuangalia muvi. Wenzetu walikuwa wanaomba foleni iishe. Mimi na mwenye banda tulikuwa tunaitikia amina kwa sauti ndogo sana.

Ndani ya banda alikuwamo mchumba wangu. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Muvi iwe ya Kichina, ya Kihindi au ya Kizungu, yeye anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, anawasemea watu wa kwenye kioo kwa Kiswahili. Nasema kutafsiri kwa heshima tu. Kichina hakujua, Kihindi hakujua, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia njia. Lakini mtu akitoa bastola, yeye alijua atasema nini. Mwanamke akilia, alijua analilia nini. Watu walimpenda kuliko waigizaji wenyewe. Mimi niliipenda ile sauti kabla sijauona uso: niko nje nakaanga, nasikia mtu ndani anamwombea jambazi msamaha kwa mama yake, nikashtuka maandazi yameungua.

Tulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa baba yake.

Mchumba wangu kwao ni milimani Ileje, juu ya Itumba. Baba yake mkulima, mzee wa kanisa, mtu ambaye akisema neno jioni, asubuhi utalikuta palepale. Mzee alikuwa amesikia kwamba mwanawe kashikwa na msichana wa mpakani, na kwa mzee yule mwanamke wa Tunduma ni mtu asiyejua kuinamisha macho. Bila ndiyo yake hapakuwa na ndoa. Na mimi nilikwisha kuapa kwamba sitaolewa kwa kutoroshwa kama mzigo wa magendo. Nilitaka washenga wabishe hodi kwa mama yangu mchana kweupe, majirani wote wakiwa barazani wanajifanya hawaangalii. Niliitaka hiyo ndoa, jamani. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

"Nenda kwa baba yako ukamwambie," namwambia kila wiki.

"Nitakwenda," ananijibu kila wiki.

Haendi ng'o. Mwanamume anayeweza kumsemea mfalme wa China na majeshi yake yote, mbele ya baba yake alikuwa bubu. Basi tukawa tunasubiri ajipe moyo. Mzee yeye hakusubiri.

Ilikuwa mchana wa kiangazi, siku ya upepo ule wetu unaozoa vumbi la barabara nzima na kulitia kwenye chai. Akaja mzee mmoja amevaa koti zito la sufu, mwavuli mkononi ingawa mvua ilikuwa imekwisha kutusahau, na kapu ambamo jogoo mwekundu alikuwa ametoa kichwa anatukagua. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba chai.

"Mzee, na koti hilo unakwenda Ulaya?" nikamuuliza.

"Nimekuja kumtafuta mwanangu. Nimeambiwa anashinda hapa."

"Hapa wanashinda watoto wa watu wengi, mzee wangu." Nikamwangalia, nikajua tu kwamba ni baba wa mmojawapo wa vijana wa bodaboda, maana hao ndio waliokuwa na wazazi wa kuwatafuta.

Akaonja chai. Akakunja uso. "Chai yenu haina sukari."

"Sukari imo. Ni ulimi wako umetoka na baridi huko milimani, haujayeyuka bado."

Akaniangalia muda mrefu. Mwingine hapo angenyamaza. Mimi nikamwongezea andazi.

Nadhani ni lile andazi lililomfungua. Akaniambia shida yake yote. Kwamba mwanawe ameshikwa na mwanamke wa huku. Kwamba yeye amemtafutia binti mwenye adabu kule Itaka, kwa rafiki yake waliyeimba naye kwaya ujanani. Kwamba jogoo yule ndiye wa kubishia hodi kwa wazazi wa binti, na kijana akipatikana wataondoka leo leo kupitia hukohuko.

Jamani! Mtu mwenye akili angeuliza, mwanao ni nani? Mimi nikavuta kigoda.

"Mzee, umewahi vizuri," nikamwambia. "Sisi wanawake wa Tunduma tusikie hivihivi tu. Tunaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukashukuru. Mkamwana wa hapa atakupa vitunguu umenye. Atakukatiza ukiongea. Atakuuliza umri wako mbele ya wageni. Mchukue mwanao uende naye, na huyo mwanamke akilia usimsikilize. Machozi yetu ni ya biashara."

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Asante, binti. Angalau wewe ni mkweli."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana wakunga, nikawatukana na manesi, nikafunga na wodi yenyewe. Kisha nikamwonyesha mzee mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia aingie, muvi inaanza, kijana wake hawezi kukosa humo. Akaingia na jogoo wake. Na kwa kuwa nilimhurumia, nikamwahidi kikombe cha pili.

Sasa hiyo muvi.

Mwenye banda alikuwa ameipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Mlowo. Kwenye picha ya kasha lake palikuwa na mwanamume amevaa chuma mwili mzima, upanga juu, na nyuma yake ngome inawaka moto. Nani angeikataa? Mchumba wangu hakuiangalia kwanza. Hakuwa na tabia hiyo. Alisema akijua mwisho, sauti inapoa. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa nje: VITA YA WAFALME, DAMU MWANZO MWISHO. Banda likajaa mpaka watu wakakalia matairi.

Kioo kikawaka. Ukungu.

Tukangoja. Ukungu uleule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nikadhani bado hawajaanza.

"Rekebisha picha!" akapiga kelele dereva mmoja.

Kijana wa bodaboda akainuka, akavua skafu yake, akaifuta televisheni kutoka juu hadi chini kwa bidii. Ukungu haukutoka. Akaisogelea, akaipulizia pumzi, akafuta tena.

"Kaa chini, mwanangu," ikasikika sauti ya yule mzee kutoka katikati. "Huo ni ukungu, si vumbi. Hamjawahi kufika Ileje?"

Watu wakacheka. Halafu ndani ya ukungu akatokea farasi. Anatembea. Juu yake yupo yule mwenye mavazi ya chuma, kainamisha kichwa. Farasi akatembea kutoka upande huu wa kioo mpaka upande ule. Tukajua sasa anafika. Picha ikabadilika, farasi akatokea tena upande huu, akaanza upya.

"Huyu hata foleni yetu ingempita," akasema dereva mwingine.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa kazi, lazima nimpe haki yake. Hakuna aliyefungua mdomo kwenye kioo, lakini yeye akafungua wake kumsemea steringi, yaani shujaa wa muvi. "Steringi anasema: nimechoka, nimetoka mbali, nakwenda kulipiza kisasi." Sawa. Farasi akaendelea. "Anasema: hivi nilifunga mlango nilipotoka?" Watu wakaangua kicheko. Steringi akashuka kwenye mto, akayaangalia maji. Akayaangalia. Akayaangalia. "Anasema: leo nioge, nisioge?" Kicheko tena. Lakini jasho lilikuwa linamtoka. Nilimjua. Alikuwa kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani peke yake huku abiria wamekaa ndani wanampigia makofi.

Kumbe ilikuwa hadithi moja ya kale ya Wazungu, ya enzi za mapanga na ngome, na mtengenezaji aliamua kuipika kwa moto mdogo. Tukaingia ngomeni. Tone la maji likadondoka kutoka kwenye paa. Likadondoka lingine. Mfalme, mzee mwenye ndevu nyeupe, akamenya tunda kwa kisu. Ganda likazunguka, likazunguka, likarefuka. Banda zima likakaza macho kwenye lile ganda. Nakuapia, watu wazima wenye leseni za malori makubwa walikuwa wanangoja likatike.

Lilipokatika, jogoo wa mzee akawika chini ya kiti.

"Aaa! Angalau kuna mtu kaongea!" akasema mmoja.

"Tafsiri!" wengine wakadakia. "Mtafsiri, tafsiri hilo!"

"Jogoo anasema," mchumba wangu akanena kwenye kipaza sauti, "mrudishiwe viingilio vyenu." Mwenye banda akamtupia ndala.

Dereva mmoja Mzambia, mtu mnene mwenye sauti nene, alikuwa ameanza kukoroma. Akazinduka, akaangalia kioo, akakuta mfalme bado anakula lile tunda. "Awe, mwebantu!" akalalamika, yaani ndiyo "jamani nyie watu!" yao, akarudi kulala.

Ndipo akatokea mwanamke. Kijana, mzuri, kajitanda kitambaa cheupe. Anapita kwenye ukumbi na mtungi wa maji. Mfalme akatokea upande wa pili. Mwanamke alipomwona tu, akaacha njia, akajibanza nyuma ya nguzo, akajifunika uso. Mfalme akapita polepole, macho mbele, asimwangalie. Mwanamke akatoka, akaendelea na safari yake.

"Huyu dada," akatafsiri mchumba wangu kwa furaha, maana hatimaye kitu kimetokea, "ni mwizi. Kaiba ufunguo wa stoo ya mfalme."

Sawa. Tukaletewa matone mengine ya maji. Mwanamke akarudi, mfalme akarudi, mwanamke akajificha tena.

"Kaiba tena."

"Anaiba nini kila siku na mikono mitupu?" akauliza mama mmoja muuza dagaa aliyeingia kupumzisha miguu. "Huyo ana mimba, anaficha tumbo."

"Huyo ni mchepuko wa mfalme, wamegombana," akasema yule wa skafu.

"Mchepuko gani anamkimbia mwenye pesa?"

"Anaumwa, ana ndui, hataki kuambukiza."

"Ni mzimu. Angalia vile vitambaa."

Wakabishana mpaka nje wapita njia wakasimama. Muvi inatembea polepole, wao wanakimbia. Mwanamke akajificha mara nyingine, safari hii nyuma ya pazia, huku mkono wake umetoka nje na sahani ya chakula cha mfalme. Akaiweka chini, akaurudisha mkono. Mfalme akasubiri kidogo, ndipo akainama kuichukua.

Mzee wa jogoo akashindwa kuvumilia. Alisimama na koti lake, akanyoosha mwavuli kuelekea kioo.

"Hamna macho nyie? Huyo ni mkamwana wake!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Ni mke wa mwanawe! Mwizi yuko wapi hapo? Hamwoni kwamba yeye hamtazami mfalme? Hamwoni kwamba na mfalme naye hamtazami yeye? Kwetu mke wa mwanao hakutani macho na wewe. Akikuona njiani anaacha njia. Chakula hakupi mkononi, anaweka chini, wewe unangoja aondoke. Na wewe baba ukiwa na adabu, unageuka kumpisha. Huyo mtoto kalelewa! Mumewe ndiye huyo anayetembea na farasi tangu asubuhi. Subirini, atafika nyumbani, na atapiga goti kwa baba yake."

Akakaa. Watu wakaangaliana. Wazungu wa zamani na heshima za Ileje walikutania wapi, hakuna aliyejua, lakini kila kitu kikakaa sawa mara moja. Mama wa dagaa akasema, "Kumbe!" Wengine wawili watatu wa milimani waliokuwamo wakaanza kuwaeleza jirani zao kwamba hata bibi zao walifanya hivyo. Mimi mwenyewe, mtoto wa mpakani, ndiyo kwanza nasikia. Nikajisemea, kazi kweli, mtu unaishije na baba mkwe kwa kumkwepa kama askari wa barabarani? Mnaona? Bado nilikuwa nacheka.

Kitu ambacho sikukiona ni kwamba mtafsiri alikuwa amenyamaza. Watu wakadhani spika imekufa. Kumbe ameisikia ile sauti ya mzee, naye ile sauti anaijua tangu tumboni. Mzee kwa upande wake hakumtambua mwanawe: gizani mle, na spika ile ilimfanya kila mtu asikike kama yumo ndani ya pipa.

Kwenye kioo, kama mzee alivyosema, farasi akafika. Steringi akashuka. Akatembea ukumbini, vyuma vyake vinalia. Mfalme akasimama. Steringi akapiga goti. Banda likaguna kwa kumstaajabia mzee. Na hapo, baada ya ule ukimya wote, spika ikatoa sauti ndogo inayotetemeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee kutoka kwenye kiti chake.

Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Walifikiri mzee kanogewa na muvi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naujua mtetemo ule. Ndio aliokuwa nao kila aliponiambia atakwenda kwa baba yake. Nikamwangalia mchumba wangu kando ya televisheni, nikamwangalia mzee. Masikio yaleyale. Paji la uso lilelile. Mungu wangu, hata namna ya kukunja midomo!

Birika likanitoka mkononi kidogo, nikalidaka. Nikakumbuka vitunguu. Nikakumbuka kivuli. Nikakumbuka machozi ya biashara.

"Ni wewe unayesema humo?" akauliza mzee, sasa bila kicheko.

"Ni mimi, baba." Alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo banda zima lilisikia, na barabara nayo.

"Hii ndiyo kazi yako? Kumwita mtoto wa watu mwizi?"

"Sikujua, baba."

Mzee akasimama. "Nimekuja kukuchukua. Lakini kwanza nataka nimwone kwa macho yangu huyo mwanamke aliyekushika. Yuko wapi?"

Mchumba wangu akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alikuwa bubu, kama kawaida yake mbele ya baba. Wateja wote wa banda walinijua, walikula maandazi yangu kila siku. Wakainamisha vichwa, hakuna aliyeninyooshea kidole, Mungu awabariki. Mzee akaona hapati jibu kwa wanaume wale. Akakumbuka kwamba katika mji mzima anamjua mtu mmoja asiyesema uongo.

"Binti wa chai!" akaita huku akigeukia mlangoni. "Wewe ni mkweli. Niambie wewe, huyo mwanamke yuko wapi?"

Binti wa chai alikuwa amejikunja nyuma ya nguzo ya mlango, kitenge kimefunika kichwa chote, mgongo umegeukia banda, birika limekumbatiwa kifuani.

Sikupanga. Nisije nikajisifu hapa kwamba niliikumbuka mila ya watu. Nilijificha kwa aibu, kwa hofu, kwa kutamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na birika. Nilijua nimeipoteza ndoa yangu kwa andazi moja. Chini ya kitenge nikaanza kulia kimya kimya, na yale machozi, naapa, hayakuwa ya biashara.

Nikasubiri kutukanwa. Baadaye walinisimulia: mzee aliniangalia mimi nyuma ya nguzo. Akageuka akaangalia kioo, ambako yule mwanamke naye, mume amerudi, bado alikuwa nyuma ya nguzo yake kajifunika. Akaniangalia tena. Akamwangalia mwanawe. Eti ule ndio uliokuwa mwendo wa polepole kuliko wote wa siku ile, na hakuna aliyelalamika.

Kisha nikasikia kiti cha plastiki kinaburuzwa sakafuni. Nikachungulia kwa upenyo wa kitenge. Mzee alikuwa ameshika kiti chake, anakigeuza. Akakigeuza mpaka kikaelekea ukuta wa mabati. Akakaa, mgongo kwa muvi, mgongo kwangu, mikono juu ya mwavuli, macho kwenye mabati.

"Mzee, mbona unaangalia ukuta?" akauliza yule wa skafu. "Muvi iko huku."

"Nampisha mkamwana wangu," akasema mzee. "Apite. Aliniahidi kikombe cha pili."

Jamani, sijui niwaelezeje. Mama wa dagaa alipiga kigelegele kilichomwamsha Mzambia, naye Mzambia bila kujua kinachosherehekewa akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Mchumba wangu alikaa chini palepale, akaficha uso kwenye kipaza sauti, na spika ikatuletea kilio chake banda zima.

Nikapita. Nikamimina kikombe, nikatia sukari, nikatia tena, nikakiweka chini nyuma ya kiti chake, nikaondoka kinyumenyume. Mzee alingoja mpaka niliporudi mlangoni, ndipo akageuka, akainama, akakichukua. Akaonja.

"Kuna binti mmoja alinionya nje hapo," akauambia ukuta, kwa sauti ya kusikika. "Alisema wanawake wa Tunduma watakuuzia kivuli chako na utashukuru. Haya. Nashukuru."

Kama ile ilikuwa adabu au ilikuwa aibu, hajaniuliza mpaka leo, na tangu siku ile hatujatazamana usoni. Akija kwetu hukohoa kabla ya kona ya nyumba ili nipate muda wa kujificha, na nikichelewa hukohoa tena huku anacheka. Tunaongea sana, yeye akiwa sebuleni na mimi jikoni, ukuta katikati, na tunabishana kuhusu kila muvi anayotafsiri mwanawe. Ile ya mfalme hatujui iliishaje. Ilipofika mwisho watu wote bandani walikuwa wanamwangalia mzee anayekunywa chai, na kesho yake mwenye banda aliirudisha Mlowo akisema haina vita.

Siku ile mzee aliondoka kabla jua halijashuka, peke yake, kuwahi gari la Itumba. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya banda mpaka nilipomsikia anaaga. Nilipotoka, kigoda changu kilikuwa palepale kando ya jiko, na chini yake, miguu imefungwa kwa kamba, alikuwa amelazwa yule jogoo mwekundu. Kwa binti wa Itaka hakufika.